Kutoka Chumba Safi hadi Karatasi: Historia ya Kujifunza Kubuni na Kuunda Vifaa vya Mifereji Midogo, 1979–2015

Ikisiri

Vifaa vya mifereji midogo ni vibamba vya kioo, plastiki, mpira au karatasi ambamo tone la damu, la mkojo au la kemikali hupitishwa katika njia nyembamba, aghalabu zenye upana unaokaribiana na wa unywele, ili lichanganywe, litenganishwe au lipimwe. Historia ya vifaa hivi imezoeleka kusimuliwa kama mfululizo wa uvumbuzi. Makala hii inaisimulia kama historia ya kujifunza: nani aliweza kuvibuni na kuviunda, mahali gani, na kwa masharti yapi. Makala inafuatilia vipindi vitatu, yaani kipindi cha silikoni na kioo, kipindi cha mpira angavu, na kipindi cha karatasi na nta, kisha inatazama majaribio yaliyofanywa nchini Rwanda na kuripotiwa mwaka 2011 na 2015. Hoja yake kuu ni kwamba kila mara malighafi ilipokuwa rahisi, idadi ya wanaojifunza iliongezeka, lakini urahisi wa malighafi haukutosha peke yake. Maarifa ya kuunda yalihama pale tu mkono wa fundi ulipokutana na mkono wa mwanagenzi. Pale walipokutana mtumiaji na kifaa kilichokamilika, kilichohama ni kifaa tu.

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari 2015, jarida la Science Translational Medicine lilichapisha ripoti ya jaribio lililofanywa nchini Rwanda. Wahudumu wa afya walipewa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye simu ya mkononi. Walichoma vidole vya wagonjwa 96, wakaweka damu kidogo kwenye kibamba cha plastiki, na katika muda wa dakika 15 wakapata majibu ya virusi vya UKIMWI na ya kaswende kwa pamoja. Mafunzo waliyopewa wahudumu hao yalichukua dakika 30.

Ufupi wa mafunzo hayo ulihesabiwa kuwa sifa ya kifaa, na haki ilikuwa hivyo. Zahanati yenye foleni ndefu ya akina mama wajawazito haihitaji kifaa kinachodai mwezi mzima wa darasa. Hata hivyo, dakika 30 zilitosha kufundisha namna ya kukitumia tu. Kibamba chenyewe, pamoja na mifereji iliyochorwa ndani yake, kilikuwa tunda la takribani miaka 10 ya kazi iliyofanywa Marekani, na kazi hiyo nayo ilisimama juu ya mabega ya vizazi viwili vya wanafunzi waliojifunza kuchonga mifereji katika silikoni, kioo na mpira. Kati ya dakika 30 na miaka hiyo yote kuna historia ambayo haijasimuliwa vya kutosha katika Kiswahili. Makala hii inaifuatilia historia hiyo.

Taaluma inayojadiliwa hapa hujulikana kimataifa kwa jina la maikrofluidiki. Makala inatumia zaidi istilahi ya maelezo, yaani vifaa vya mifereji midogo, kwa sababu inamwonyesha msomaji kitu chenyewe. Aidha, vitenzi viwili vinatofautishwa kote. Kubuni ni kuamua mfereji upite wapi, uwe na upana gani na ukutane na upi. Kuunda ni kuufanya mfereji huo uwepo katika malighafi. Itakavyoonekana, kutenganishwa na kuunganishwa kwa kazi hizi mbili ni sehemu muhimu ya historia hii.

2.0 Maarifa ya Kitabuni na Maarifa ya Mkononi

Anayejifunza fani hii hukabiliwa na maarifa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ile inayoandikika. Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji yaliyokuwa yakipita katika bomba la kioo. Maji yalipokwenda polepole, uzi ule ulibaki umenyooka. Yalipokwenda kasi, ulivurugika na kusambaa. Uwiano uliopewa jina lake, namba ya Reynolds, hueleza ni lini kiowevu kitatulia na ni lini kitachafuka. Katika mfereji wenye upana wa sehemu ya milimita, namba hiyo huwa ndogo mno, hivyo kiowevu hutulia karibu daima. Mikondo miwili ikikutana humo, husafiri bega kwa bega bila kuchanganyika, ila kwa molekuli kuhama taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa hiyo mwanagenzi hulazimika kwanza kusahau aliyoyazoea jikoni. Sukari katika chai huchanganyika kwa kukorogwa, lakini ndani ya mfereji mdogo hakuna mkorogo. Mchanganyiko ni jambo la kubuniwa. Mwaka 2002 Abraham Stroock na wenzake walionyesha njia moja: walichonga matuta ya mshazari kwenye sakafu ya mfereji, matuta yaliyoukunja mkondo juu ya mwenzake mara kwa mara hadi ukachanganyika. Maarifa ya aina hii yana milinganyo na michoro, na husafiri vizuri ndani ya kitabu.

Aina ya pili haisafiri hivyo. Mwanakemia aliyegeukia falsafa, Michael Polanyi, aliijadili katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu maarifa yasiyosemwa, yaani yale ambayo mtu anayo lakini hawezi kuyaeleza yote kwa maneno. Mwaka 1974 mwanasosholojia Harry Collins aliipa hoja hiyo ushahidi. Alichunguza maabara zilizokuwa zikijaribu kuunda leza ya aina ya TEA, akabaini kwamba hakuna iliyofaulu kwa kutegemea makala zilizochapishwa pekee. Zilizofaulu zilikuwa na mawasiliano ya moja kwa moja na watu waliokwisha kuiunda.

Kiswahili kimeuhifadhi ukweli huo ndani ya msamiati wake. Fundi, mafunzo, kufundisha na kujifunza ni maneno ya mzizi mmoja, yaani funda. Katika mantiki ya lugha hii, aliyefunzwa ni yule aliyekaribia kuwa fundi, na uanagenzi ndio daraja kati ya hali hizo mbili. Dhana hiyo ndiyo kipimo kinachotumika katika sehemu zinazofuata: katika kila kipindi, je, kulikuwa na njia ya mtu wa nje kuwa mwanagenzi?

3.0 Kipindi cha Silikoni na Kioo

Mwaka 1979, Stephen Terry, John Jerman na James Angell wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti mashine ya kuchambua gesi iliyoundwa ndani ya kisahani cha silikoni chenye kipenyo cha sentimita 5. Ndani ya kisahani hicho walikuwa wamechonga mfereji uliojizungusha kama koa, wenye urefu wa mita 1.5, pamoja na vali. Mashine iliyokuwa ikijaza meza ilikuwa imeingia kiganjani, na iliweza kutenganisha mchanganyiko sahili wa gesi katika sekunde chache.

Mtu angetarajia kazi hiyo ishike moto. Haikushika. Katika mapitio ya mwaka 2002, Darwin Reyes, Andreas Manz na wenzao waliitazama upya na kueleza kwamba mapokezi yake yalikuwa hafifu, na sababu waliyoidhania ni kwamba watafiti wa utenganishaji wa kemikali hawakuwa na uzoefu wa teknolojia ya silikoni. Maelezo hayo yana uzito mkubwa kwa mada hii. Makala ilikuwa imechapishwa na vipimo vilikuwa wazi, wala msomaji hakukatazwa kuiga. Kilichokosekana ni mikono. Waliojua kuchonga silikoni walikuwa wahandisi wa elektroniki, na waliohitaji mashine ya kutenganisha gesi walikuwa wanakemia. Makundi hayo mawili hayakuwa na karakana moja.

Karakana yenyewe ilikuwa kizuizi. Kuchonga silikoni kulihitaji chumba safi, yaani ukumbi ambao hewa yake huchujwa mfululizo, na ambamo mtu huvaa vazi la kumfunika mwili mzima ili kuikinga kazi dhidi ya vumbi litokalo mwilini mwake. Kisahani hupakwa kemikali inayobadilika inapopigwa na mwanga, hufunikwa kwa kiolezo chenye mchoro, kisha huangazwa kwa mwanga wa urujuanimno. Sehemu zilizoachwa wazi baada ya kuoshwa ndizo huliwa na kemikali kali hadi mfereji utokee. Kwa upande wa kioo, kemikali hiyo ni asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru hata mifupa. Mwanafunzi hakuweza kujaribu, kukosea na kujaribu tena jioni ileile. Kosa moja katika mchoro lilimaanisha kiolezo kipya, na kiolezo kipya kilimaanisha gharama na majuma ya kusubiri.

Daraja lilijengwa na watu waliohama. Andreas Manz alifanya kazi katika maabara ya utafiti ya Hitachi nchini Japani, ambako mbinu za silikoni zilitumika kuunda kibamba cha kutenganisha kemikali katika viowevu. Aliporudi Uswisi na kujiunga na kampuni ya Ciba-Geigy mjini Basel, yeye pamoja na N. Graber na H. M. Widmer walichapisha mwaka 1990 wazo la kuunganisha hatua zote za uchambuzi wa kemikali katika mfumo mmoja mdogo. Mwaka 1993, kwa ushirikiano na Jed Harrison wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada, kundi hilo liliripoti katika jarida la Science utenganishaji wa kemikali kwa nguvu ya umeme ndani ya kibamba cha kioo. Japani, Uswisi na Kanada ziliunganishwa na watu waliobeba ujuzi mikononi mwao. Hata hivyo mlango ulibaki mwembamba, kwani aliyekosa chumba safi alikosa pia uanagenzi.

4.0 Kipindi cha Mpira Angavu

Mwaka 1998 David Duffy, Cooper McDonald, Olivier Schueller na George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Analytical Chemistry njia ya kuunda mifereji midogo kwa mpira angavu uitwao polidimethilisiloksani, kwa kifupi PDMS. Madai yao yalikuwa ya wazi: kutoka mchoro hadi kifaa, chini ya saa 24.

Ubunifu wao uligusa mahali palepale palipokuwa pakimkwamisha mwanafunzi. Kwanza, kiolezo ghali kilibadilishwa na karatasi angavu ya plastiki iliyochapishwa katika mashine ya kibiashara ya uchapishaji. Ukali wa uchapishaji huo uliruhusu mifereji yenye upana wa zaidi ya maikromita 20, na kwa kazi nyingi ulitosha. Pili, chumba safi kilihitajika mara moja tu, wakati wa kutengeneza kalibu. Baada ya hapo kalibu moja iliweza kuzaa nakala nyingi mezani. Mpira wa maji huchanganywa na kigandishi chake kwa uwiano wa 10 kwa 1, humiminwa juu ya kalibu, huachwa katika chombo kilichonyonywa hewa hadi mapovu yaishe, kisha hupashwa moto katika tanuri dogo hadi ugande. Hubanduliwa kama ngozi, hutobolewa matundu ya kuingizia na kutolea kiowevu, husafishwa kwa plazima ya oksijeni, na hatimaye hubandikwa juu ya kioo. Pale unapogusana na kioo, mpira hushikamana nacho moja kwa moja.

Maelezo hayo yanaweza kuenea ukurasa mmoja, na hapo ndipo yanapodanganya. Anayeyafuata kwa mara ya kwanza hukutana na yasiyoandikwa. Chembe moja ya vumbi iliyokaa kati ya mpira na kioo hufungua njia ya uvujaji. Akichelewa kubandika baada ya plazima, uso wa mpira hurudia hali yake ya awali na kushindwa kushika. Akichora mfereji mpana mno kuliko kina chake, dari ya mpira hubonyea na kuuziba. Akitoboa tundu kwa ncha butu, mpira hupasuka pembeni, na kiowevu kitatokea hapo siku ya jaribio. Makosa haya ndiyo yaliyogeuka kuwa shule. Kwa kuwa gharama ya kukosea ilikuwa kiasi kidogo cha mpira na usiku mmoja, mwanafunzi aliweza kukosea mara 10 kwa mwezi. Kubuni na kuunda, kazi zilizokuwa zimetenganishwa na ukuta wa chumba safi, zilikutana tena katika mtu mmoja: aliyechora asubuhi ndiye aliyeona mchoro wake ukivuja kesho yake, naye ndiye aliyeurekebisha.

Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 2000 kundi la Stephen Quake katika Taasisi ya Teknolojia ya California lilionyesha vali na pampu zilizoundwa kwa tabaka mbili za mpira: mfereji wa juu ukijazwa hewa kwa shinikizo, utando kati yake na mfereji wa chini huvimba na kufunga njia. Mwaka 2002 Todd Thorsen, Sebastian Maerkl na Quake waliripoti vibamba vyenye maelfu ya vali. Jarida la Lab on a Chip lilikuwa limeanzishwa mwaka 2001. Katika tathmini yake ya mwaka 2006 katika jarida la Nature, Whitesides aliitaja mizizi minne ya taaluma hii: uchambuzi wa molekuli, ulinzi dhidi ya silaha za kibiolojia, biolojia ya molekuli, na elektroniki ndogo. Kwa mtazamo wa makala hii, mzizi wa tano ungekuwa tanuri dogo mezani, lililowapa maelfu ya wanafunzi ruhusa ya kukosea.

Hata hivyo mgawanyiko ulirejea kwa sura nyingine. Vibamba vya vali nyingi vilipozidi kuwa tata, Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa na karakana maalumu iliyopokea michoro ya watafiti na kuwaundia vibamba. Huduma hiyo iliwafaa waliotaka kutumia, lakini ilimrudisha mbunifu mbali na malighafi. Aidha, mpira uleule uliowafunza wengi ulikuwa na kasoro zake. Mwaka 2006 Michael Toepke na David Beebe walionyesha kwamba PDMS hufyonza molekuli ndogo, hivyo dawa inayopimwa inaweza kupotelea ukutani. Viwanda navyo vilipendelea plastiki ngumu inayoshindiliwa katika kalibu za chuma, si mpira unaosubiri kugandia tanurini. Malighafi iliyofaa kujifunzia haikuwa malighafi iliyofaa soko.

5.0 Kichezeo, Karatasi na Nta

Chuo Kikuu cha California katika mji wa Merced kilifunguliwa mwaka 2005, na katika miaka yake ya mwanzo hakikuwa na chumba safi. Mhandisi Michelle Khine, aliyeanza kazi huko, alitumia kichezeo cha watoto: karatasi za plastiki ya polistirini ambazo, zikichorwa na kutiwa katika tanuri la jikoni, husinyaa. Alichapisha mifereji yake kwa printa ya leza juu ya plastiki hiyo. Iliposinyaa, mistari ya wino ilijikusanya na kuinuka, ikawa kalibu ya kumiminia mpira. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2008 katika Lab on a Chip. Upungufu wa vifaa, ambao kwingine ungehesabiwa kuwa sababu ya kungoja, ulikuwa chanzo cha mbinu.

Mwaka mmoja kabla yake, Andres Martinez, Scott Phillips, Manish Butte na Whitesides walikuwa wamechapisha kazi iliyotupilia mbali mpira na pampu kwa pamoja. Walitumia karatasi. Kiowevu hupanda karatasini kama mafuta ya taa yapandavyo utambi wa kibatari, bila umeme na bila kusukumwa. Kinachobaki ni kukizuia kisisambae kila upande. Walijenga kuta ndani ya nyuzi za karatasi kwa kemikali isiyopitisha maji, wakaelekeza tone moja kwenye vituo kadhaa, na kupima sukari na protini katika mkojo wa kutengenezwa maabara.

Mwanahistoria hana budi kutaja kwamba wazo hilo lilikuwa na babu. Mwaka 1949, Ralph Müller na Doris Clegg walikuwa wamechora njia katika karatasi ya kuchujia kwa kutumia nta ya parafini, ili kiowevu kipite pale walipotaka. Kazi hiyo ilikaa karibu miaka 60 bila kuzaa taaluma. Kinachoandikwa kinaweza kudumu, lakini hakiwi urithi mpaka apatikane wa kukirudia kwa mikono.

Mwaka 2009 kuta za karatasi zilirudi kwenye nta. Emanuel Carrilho, Martinez na Whitesides walichapisha mchoro kwa printa ya wino wa nta, kisha wakaupasha moto wa nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 2 hivi, nta ikayeyuka na kuzama hadi upande wa pili. Mwaka huohuo, nchini Uchina, kundi la Bingcheng Lin lilieleza njia tatu, mojawapo ikiwa kuchora kuta kwa kalamu ya nta. Hapa pia kulikuwa na la kujifunza kwa mkono. Nta inayoyeyuka hutanuka pembeni, hivyo mstari uliochorwa si mstari utakaopatikana. Mbunifu mzuri huchora mfereji mpana zaidi kuliko anaouhitaji, kwa kuwa anaijua karatasi yake.

Kisha likaja funzo ambalo halikuandikwa na mtu. Printa za nta zilizotumiwa na maabara nyingi zilikuwa za kampuni moja, Xerox, na kampuni hiyo iliacha kuzitengeneza. Maabara zilizojua kubonyeza kitufe tu zilijikuta zikiwinda printa kuukuu na wino uliobaki. Zilizoelewa kwa nini nta huzuia maji, na kwa nini hutanuka, zilikuwa na pa kurudi: kalamu, muhuri uliochovywa katika nta, au kiolezo cha kukata kwa wembe. Urahisi wa kuazima uliisha pale mwenye mali alipofunga duka, ukabaki ujuzi.

6.0 Rwanda: Mahali pa Kupimia

Uhitaji uliotajwa katika makala nyingi za taaluma hii ulikuwa Afrika. Mwaka 2013 Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford aliona katika kliniki moja nchini Uganda mashine ya kuzungusha damu ikitumika kuzuia mlango usijifunge, kwa kuwa hapakuwa na umeme wa kuiendesha. Taswira hiyo inaeleza kwa nini karatasi na kibamba visivyohitaji umeme vilivuta nyoyo za wengi, na inaeleza pia hatima ya kifaa kinachofika mahali bila mazingira yake.

Mfano mkubwa zaidi katika ukanda huu ni wa Rwanda. Kundi la Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lilibuni kibamba cha plastiki kiitwacho mChip. Ubunifu wake ulikuwa wa werevu. Kemikali zote zilipangwa kwa zamu ndani ya mrija mmoja, zikitenganishwa na mapovu ya hewa, na bomba la sindano lilizivuta kupitia kibamba moja baada ya nyingine. Hivyo hapakuwa na vali wala pampu. Ishara ilikuzwa kwa chembe za fedha zilizojikusanya mahali palipo na kingamwili. Mwaka 2011 Curtis Chin, Sia na wenzao, wakishirikiana na wataalamu wa afya wa Rwanda, waliripoti katika jarida la Nature Medicine matokeo ya kupima mamia ya sampuli nchini humo. Kwa kipimo cha pamoja cha virusi vya UKIMWI na kaswende, maikrolita 1 ya damu ilitosha, na majibu yalipatikana katika dakika 20 hivi.

Thamani ya kazi hiyo haina shaka. Kaswende isiyotibiwa kwa mjamzito huua mimba na kumlemaza mtoto, ilhali penisilini huitibu. Kipimo kinachotoa jibu kabla mama hajaondoka zahanati kinaweza kuokoa maisha mawili. Jaribio la mwaka 2015 lililotajwa katika utangulizi lilisogeza hatua mbele: kifaa kilichomekwa katika tundu la spika za masikioni la simu, kikapata umeme wake humo, na kilikadiriwa kugharimu dola 34 kukitengeneza, ikilinganishwa na dola 18,450 za mashine ya kawaida ya ELISA. Asilimia 97 ya wagonjwa walisema wangekipendekeza kwa wengine.

Hata hivyo, kikipimwa kwa kipimo cha uanagenzi, kisa hiki kina sura nyingine. Vibamba vilishindiliwa katika kalibu za kiwandani nje ya Rwanda. Kampuni ya Claros, iliyoanzishwa mwaka 2004 huko Massachusetts ili kuviendeleza, ilinunuliwa na OPKO Health mwaka 2011. Damu, wagonjwa na wahudumu walikuwa wa Kigali na viunga vyake. Kalibu, hataza na uamuzi wa kuendelea au kusitisha vilikuwa kwingine. Hakuna aliyefichwa kitu, na makala zote zilichapishwa. Lakini, kama ilivyokuwa kwa kisahani cha Stanford mwaka 1979, kilichochapishwa hakikuwa karakana. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kifaa cha kuazima nacho husitiri kwa muda, hadi mwenyewe atakapokihitaji au atakapokichoka.

7.0 Mjadala

Hoja hii inaweza kupingwa kwa njia mbili. Kwanza, inaweza kusemwa kwamba mgonjwa hahitaji fundi. Anahitaji jibu sahihi, na jibu sahihi hutoka kiwandani ambako kila kibamba hufanana na mwenzake. Pingamizi hili ni la kweli. Kibamba kilichomiminwa mezani na mwanafunzi hakifai kuamua iwapo mama apewe dawa. Lakini kiwanda chenyewe hakina asili nyingine. Waliounda mChip walianzia mezani, na ujuzi wa kujua mfereji upi utaziba ndio ulioandaa kalibu ya chuma. Nchi isiyo na meza za kukosea haiwezi kupata kiwanda cha kupatia.

Pili, inaweza kusemwa kwamba gharama bado ni kubwa mno kwa vyuo vingi vya ukanda huu. Historia iliyosimuliwa hapa inajibu kwa mifano. Mwaka 1979 jibu hilo lingekuwa sahihi. Mwaka 1998 lilidhoofika, kwa kuwa chumba safi kilihitajika kwa kalibu tu. Mwaka 2008 tanuri la jikoni lilichukua nafasi ya chumba hicho, na mwaka 2009 kalamu ya nta na karatasi ya kuchujia zilitosha kumfunza mtu kubuni mfereji, kuuona ukishindwa, na kuurekebisha kabla ya adhuhuri. Kwa kila hatua, kizuizi kilihama kutoka kwenye mali kwenda kwenye uanagenzi, yaani kwa mtu wa kusimama kando ya meza na kusema: mfereji wako ni mwembamba, nta itaumeza.

Ndipo suala la lugha linapoingia. Maarifa yasiyosemwa hayaandikiki yote, lakini huzungukwa na maneno ya kazini: bandua, mimina, ngoja mapovu, punguza moto. Maneno hayo Kiswahili kinayo tayari, kwa kuwa ni maneno ya mafundi wa shaba, wa saruji, wa mishumaa na wa upishi. Kalibu, nta, utambi na tanuri ni msamiati wa karakana, na haukusubiri kamati ya istilahi. Kinachokosekana ni kukutanishwa kwa msamiati huo na milinganyo ya Reynolds katika meza moja.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba katika miaka 36 vifaa vya mifereji midogo vilishuka kutoka chumba safi hadi karatasi, na kwamba kila mteremko uliongeza wanaoweza kujifunza. Imeonyesha pia kwamba kazi ya mwaka 1949 na ya mwaka 1979 zilikaa bila warithi kwa kukosa mikono ya kuzirudia, na kwamba wazo la mwaka 1990 lilienea kwa kubebwa na watu waliohama. Majaribio ya Rwanda yalithibitisha kwamba kifaa kizuri kinaweza kufanya kazi katika zahanati za ukanda huu, lakini hayakuupa ukanda mafundi wa kukiunda upya kitakapokosekana.

Kutokana na hayo, makubaliano ya majaribio ya vifaa vya namna hii katika nchi za Afrika Mashariki na jirani zake yangefaa kuwa na kipengele cha uanagenzi pamoja na kile cha mafunzo ya watumiaji: nafasi kwa wanafunzi wa nchi husika kuketi kwenye meza ya kubuni na kuunda, na wajibu wa kurudi na kuwafunza wengine kwa lugha wanayofanyia kazi. Dakika 30 zitabaki kuwa muda mzuri wa kumfunza mhudumu kukitumia kifaa, ila swali la nani atakiunda siku kitakapoharibika linahitaji miaka, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku mwanagenzi wa kwanza anapomimina mpira na kuona mapovu.